Bad Ischl, Zell am See au Krems: ulale wapi ukitaka kuzunguka vijijini Austria

Kila ikifika mwezi wa nne simu yangu inaanza kujaa voisi, wengine wako Uholanzi, wengine Muscat, mwaka huu kuna mmoja yuko Dar anasubiri viza ya Schengen, na wote swali lao ni moja, dada tunataka kuja Austria ila sio Vienna, tunataka milima na maziwa na vijiji vile vya mbao vyenye maua dirishani, tulale wapi? Na karibu wote wameshajijibu kabla hata sijafungua mdomo: Hallstatt. Kwa sababu ndio picha walioiona.

Sasa tuanzie hapohapo Hallstatt tulimalize. Hallstatt ni pazuri, sitakudanganya. Lakini ni kijiji cha watu kama 750 kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, barabara kuu unaweza kuimaliza kwa dakika kumi na tano, na siku za kiangazi wageni wanaweza kufika hata 10,000 kwa siku moja. Wachina walikipenda mpaka wakajenga nakala yake Guangdong mwaka 2012. Mimi nimelala pale usiku mmoja, asubuhi saa 12 nilitoka nje ukungu umekaa juu ya maji, bata wawili na mimi tu, nikasema hii ni pepo. Saa 4 mabasi yakashuka, mpaka saa 10 jioni nilikuwa napita kwa mabega. Chumba nililipia kama mara mbili ya kile nilicholala kesho yake Bad Ischl, ambayo ipo karibu nusu saa kwa treni. Kwahiyo Hallstatt nenda, ila nenda kwa kutembea, usihamie.

Mji wa kulala unataka vitu vingine kabisa. Unataka asubuhi ukitoka ukute treni inaenda huku, basi linaenda kule, duka la mikate lishafunguliwa, alafu jioni ukirudi miguu inawaka moto upate chakula cha moto bila kupanda tena gari. Mi nakaa Munich mwaka wa tisa huu, hii miji mitatu nimeirudia zaidi ya mara moja, peke yangu, na marafiki, na mwaka juzi na shangazi yangu aliyekuja kutoka Lushoto, kwahiyo ninachokwambia nimekitembea kwa miguu yangu.

Tuanze na Bad Ischl maana ndio naipenda kuliko zote. Ni mji wa watu kama elfu 14 hivi, uko jimbo la Austria ya Juu katikati ya eneo linaitwa Salzkammergut, nchi ya maziwa na chumvi. Mto Traun unapita mjini, rangi yake kijani ya chupa, na kuna benchi kila baada ya hatua chache. Uzuri wake mkubwa ni kwamba upo katikati ya kila kitu. Ukipanda treni kuelekea kaskazini unafika Ebensee kwenye ncha ya ziwa Traunsee alafu Gmunden, ukielekea kusini unapita Hallstatt, Obertraun, mpaka Bad Aussee, reli moja tu hiyohiyo. Ukipanda basi upande wa magharibi unafika Strobl, St. Wolfgang na St. Gilgen kwenye ziwa Wolfgangsee, na kuna basi lingine linakwenda Gosau mpaka pale Gosausee. Yaani siku tano unatoka upande tofauti kila siku na hujawahi kubeba begi.

Hiyo treni ya kwenda Hallstatt ina kitu watu wengi hawakijui. Stesheni ya Hallstatt haiko Hallstatt, iko ng'ambo ya ziwa. Unashuka kwenye kijistesheni kidogo msituni, unafuata njia ya kushuka hatua chache tu, boti ipo pale inakusubiri kwa sababu ratiba yake imefungwa na treni, alafu mnavuka dakika kama kumi. Kile kivuko ndio safari yenyewe, kijiji kinakuja polepole mbele yako, mnara wa kanisa kwanza, alafu nyumba moja moja, wanaofika kwa basi hilo wanalikosa. Ila angalia boti ya mwisho, ni jioni mapema, ukiikosa huvuki tena.

Gosausee nitaisema kwa sababu hakuna aliyeniuliza ambaye alikuwa ameshaisikia. Basi linaishia pale ziwani kabisa. Unashuka, unatembea kama dakika tano, ghafla ziwa hili hapa, na nyuma yake kule mwisho safu ya Dachstein yenye karibu mita 3,000 na barafu yake juu. Kulizunguka ziwa la kwanza ni saa moja na kidogo, njia tambarare, hata mwenye kigari cha mtoto anapita. Ukifika asubuhi kabla upepo haujaamka mlima unaonekana mara mbili, juu na ndani ya maji.

Alafu kuna reli ya meno ya mlima Schafberg, inapanda kutoka St. Wolfgang tangu mwaka 1893 mpaka zaidi ya mita 1,700, ukiwa juu unahesabu maziwa mpaka unapotea hesabu. Kata tiketi mapema, sio ile ya siku hiyohiyo saa 5 asubuhi, utakuta zimeisha.

Na kuna jambo moja kuhusu Bad Ischl kwa mtu wa kwetu ambalo mimi lilinikalia moyoni. Kaizari Franz Joseph alikuwa anakuja hapa karibu kila kiangazi, hapa ndipo alipomchumbia Elisabeth, yule wanayemwita Sisi, mwaka 1853, na ile nyumba yao ya kiangazi mama yake Kaizari aliwapa kama zawadi ya harusi. Ndani ya nyumba hiyo kuna chumba cha kazi cha Kaizari. Tarehe 28 Julai 1914 akiwa hapohapo Bad Ischl ndipo alipotia sahihi ya kutangaza vita dhidi ya Serbia. Mwezi wa nane vita ilishafika Taveta, mwezi wa kumi na moja watu wanauana Tanga, na baada ya hapo vijana kwa maelfu wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, wale wapagazi waliotuachia jina la Kariakoo. Nilisimama kwenye hicho chumba, kidogo, kimya, mbao za kahawia na picha za familia, nikawa namfikiria babu mzaa babu yangu huko Usambara ambaye hajawahi kusikia jina la huu mji. Kama unapita Bad Ischl ingia pale. Wanaongoza kwa kikundi, kama saa nzima hivi.

Ubaya wa Bad Ischl ni mvua. Sio mvua ya masika inayopiga ikaisha, hapana, hii ni ile nyembamba inayoshuka kama nyuzi kuanzia asubuhi mpaka usiku, wenyewe wana hata jina lake, Schnürlregen, na inaweza kukaa siku mbili au tatu hata mwezi wa saba. Ukija kwa siku mbili tu unaweza ukaondoka hujaona mlima hata mmoja. Ndio maana nasema Bad Ischl usilale chini ya siku nne. Siku ya mvua nenda kwenye mabwawa ya maji ya chumvi ya moto pale mjini, au panda treni mpaka Bad Aussee alafu basi mpaka Altaussee kwenye mgodi wa chumvi, ndimo Wanazi walimoficha maelfu ya michoro na sanamu walizoiba Ulaya nzima, zikaokolewa 1945. Vaa sweta hata kama nje kuna joto, ndani ni nyuzi kama 8 mwaka mzima.

Na jioni Bad Ischl inalala mapema. Kuna nyumba ya wageni nililala mara ya kwanza, jiko lao lilifungwa saa 2 usiku kamili, mimi nimeingia na dakika kumi, nimelowa, nina njaa, na mwenye nyumba ananitazama tu. Siku hizi nikifika ndani ya hii miji kitu cha kwanza nauliza jiko linafungwa saa ngapi.

Haya, Zell am See. Huu uko jimbo la Salzburg, watu elfu 10 hivi, na kama Bad Ischl ni bibi mstaarabu basi Zell ni kijana wa mazoezi. Ziwa lipo katikati, mji umejitokeza ndani ya maji kama ulimi, stesheni iko hapohapo ufukweni, ukishuka kwenye treni unaona maji. Nyuma yako Schmittenhöhe, mita 1,965, na unapanda kwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, mi naita kebo tu, kuna moja inaanzia mjini kabisa.

Tofauti kubwa na Bad Ischl ni urefu wa milima. Bad Ischl unazunguka maziwa na unatazama milima kwa chini, Zell unapelekwa juu. Mlima mrefu kuliko yote Austria, Grossglockner, mita 3,798, uko upande huu, na barabara inayokwenda kuuangalia ilifunguliwa 1935, kilomita 48, kona kali 36. Mtu aliyezoea kupanda Lushoto kutoka Mombo atacheka akisikia kona, ila hizi zinapita mita 2,500, na pembeni mwezi wa sita bado kuna kuta za theluji. Inafungwa majira ya baridi, kwa kawaida inafunguliwa kama mwezi wa tano mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, na gari dogo unalipia zaidi ya yuro 40 kwa siku. Huna gari? Kiangazi kuna basi. Kule mwisho, Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, unatazama chini kwenye Pasterze, mto wa barafu mrefu kuliko yote nchini, na inauma kuangalia kwa sababu reli ya kuteremshia watu iliyojengwa 1963 ilikuwa inawafikisha kwenye barafu, leo barafu imeshuka chini kabisa imeiacha reli inaning'inia kwenye mawe matupu. Sisi tunaoijua hadithi ya theluji ya Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kwenye majani pale kuna wanyama wanene kama pimbi, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kupiga mluzi, watoto watakataa kuondoka.

Sasa shangazi. Ana miaka 67, magoti yanasumbua, na maisha yake yote theluji ameiona ya Kilimanjaro tu, kwa mbali, kupitia dirisha la basi la kwenda Moshi. Nilimpeleka Kitzsteinhorn, unatoka Zell kwa basi mpaka Kaprun, alafu kebo kwa kebo mpaka mita 3,029, hajapanda ngazi za maana hata moja. Ilikuwa mwezi wa saba. Alitoka nje na khanga kajifunga juu ya koti langu, akainama taratibu kashika mkono wangu, akachota theluji kwa kiganja. Kwanza aliinusa. Alafu akaiweka kwenye shavu. Akasema, "Kumbe ni kavu," akaomba nimshikie simu ampigie mama yangu. Sina cha kuongeza. Ila kwa wazee, na hata kwa wewe kijana, juu kule pumzi inakata, tembea polepole, keti, kunywa maji, na mwenye presha au moyo aongee na daktari wake kabla.

Kingine cha Zell ambacho kwa Waislamu kinabeba uzito: watu wa Ghuba wanapapenda sana kiangazi, Wasaudi, Waemirati, Wakuwaiti, miaka na miaka, kwahiyo mikahawa ya halali ipo, menyu za Kiarabu zipo, buibui barabarani sio kitu cha kushangaza mtu. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai mnaokuja na familia kubwa, watoto, bibi, na mnataka nyumba yenye jiko, mi nawaambia moja kwa moja nendeni Zell, na uwanja wenu ni Munich au Salzburg. Shangazi alisikia mama mmoja kwenye foleni ya aiskrimu akimkaripia mtoto kwa Kiswahili safi cha Unguja, kumbe wanatoka Oman, tulikaa nao jioni nzima.

Maporomoko ya Krimml pia unayafikia kutoka hapa, mita 380 kwa ngazi tatu, utalowa hata ukisimama mbali. Kuna treni nyembamba inapita bonde zima la Pinzgau tangu 1898, nzuri mno, lakini mafuriko ya 2021 yaliharibu reli upande wa juu, kwahiyo angalia kwanza kabla hujaondoka, kipande cha safari kinaweza kuwa cha basi.

Ubaya wa Zell ni bei na watu. Mwezi wa pili kuna watu wa skii, mwezi wa saba na wa nane kuna kila mtu, na kebo ukilipia moja moja pochi inalia. Dawa yake ni kadi. Nyumba nyingi za wageni Zell na Kaprun zinatoa kadi ya kiangazi kwa anayelala kwao, ndani yake kuna kebo na bwawa na vitu kibao, muulize mwenye nyumba kabla hujalipa kama anatoa, nyumba mbili za bei sawa moja yenye kadi moja haina sio bei sawa. Na jimbo zima la Salzburg kuanzia 2025 wageni wanaolala wanapewa tiketi ya mabasi na treni za ndani ya jimbo. Bad Ischl haiko jimbo hilo, watu wanachanganya kwa sababu Salzburg mjini ni karibu.

Krems sasa. Krems iko mbali na hizo mbili kwa kila kitu, na ndio maana nimeiweka, kwa sababu sio kila mtu anataka mlima. Wengine mnataka kuona shamba. Krems ipo juu ya mto Danube, ni mji mkubwa kidogo, watu elfu 25 hivi, na treni kutoka Vienna ni saa moja na dakika chache. Kutoka hapo mpaka Melk ni bonde la Wachau, kilomita kama 36, liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na kule milima ni vilima tu, lakini vyote vimekatwa matuta ya mawe yaliyopangwa bila saruji, na juu ya matuta mizabibu. Mtu wa Usambara au wa Kisii akiona yale matuta anajua palepale kuna mgongo wa mtu uliolala mle. Nilimkuta mzee mmoja anarudishia ukuta uliobomoka na mvua, anachagua jiwe, analigeuza, analirudisha, anachukua lingine, nimekaa dakika ishirini amepanga mawe manne.

Hapa chombo chako ni baiskeli. Njia ya baiskeli inafuata mto, tambarare, haina presha. Fanya hivi: asubuhi nenda Melk kwa basi, ingia abasia ya watawa Wabenediktini ambao wapo pale tangu 1089, alafu shuka na mto kwa baiskeli au kwa boti kurudi Krems. Boti ikishuka na maji ni kama saa moja na dakika arobaini na tano, ikipanda ni karibu saa tatu, kwahiyo usikate ya kupanda kama huna subira. Njiani kuna Willendorf, ndipo mwaka 1908 kilipochimbwa kile kisanamu kidogo cha mwanamke, sentimita 11 tu, kina umri wa karibu miaka 30,000, chenyewe kipo Vienna. Na kuna Dürnstein yenye mnara wa buluu na magofu juu ambako walimfungia Richard mfalme wa Uingereza kuanzia mwisho wa 1192, kupanda ni nusu saa ya jasho.

Ila kitu nilichokipenda Wachau kuliko hayo yote ni vivuko. Pale Spitz unavuka kwenda Arnsdorf kwa kivuko ambacho hakina injini. Kimefungwa kwenye waya uliovukishwa juu ya mto, nahodha anakigeuza kidogo tu, maji yenyewe ya Danube ndio yanakisukuma mpaka ng'ambo. Hakuna mngurumo wala moshi. Unasikia maji yanapita chini ya mbao na mtu wa mwisho kule anafungua mfuko wa mkate. Mi nilivuka mara tatu siku hiyo, sina shughuli yoyote upande wa pili.

Wakati wa Krems ni tofauti na miji mingine. Mwisho wa mwezi wa tatu au mwanzo wa nne miaprikoti inatoa maua bonde zima jeupe, wakati huo Zell bado ni tope na theluji inayoyeyuka. Mwezi wa saba wanauza aprikoti barabarani kwa kilo. Mwezi wa tisa na wa kumi ni mavuno ya zabibu. Wasiokunywa pombe msiogope, kila nyumba ya mvinyo ina maji ya zabibu na ya aprikoti, kwenye glasi ileile, na hakuna atakayekuuliza kwanini. Ubaya wake ni joto la mwezi wa nane, bonde linakuwa sufuria, na kwa anayetaka kusema "nilikuwa kwenye Alps", hapa sio Alps, utarudi na picha za mizabibu.

Chakula kwa jumla niseme hapa, maana naulizwa sana. Kitimoto iko kila mahali, na sio kwenye nyama tu, wanakata vipande vidogo wanaweka kwenye supu, kwenye saladi, kwenye viazi, kwahiyo uliza neno moja, Speck, ndio hivyo vipande vya nguruwe. Samaki wa ziwani ndio mkombozi, Bad Ischl na Zell wanakaanga trauti mzima na siagi na viazi, unashiba. Juu milimani kwenye vibanda vya wafugaji agiza Kasnocken, unga na jibini vinaletwa ndani ya kikaango kimoja mnakula pamoja kwa uma, hiyo ni lugha tunayoijua. Kaiserschmarrn ni kama chapati za maji nene zilizochanwachanwa na sukari juu, watoto wanapenda, ila zabibu kavu za ndani mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu, waambie wasiweke. Krems kula lile donge la unga lenye aprikoti nzima ndani, linavingirishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa. Na maji usinunue, ya bomba nchi nzima yanafaa kunywa, beba chupa yako.

Jumapili supamaketi zimefungwa, karibu zote, na Jumamosi jioni mapema zinafunga pia. Nunua mkate na mayai na ndizi Ijumaa. Nimeona familia ya watu sita na kifurushi kimoja cha biskuti, Jumapili mchana, sio mchezo.

Usafiri wa kufika: ukitokea Munich, tiketi ya Bayern ya kikundi inakufikisha mpaka Salzburg na inabeba watu mpaka watano, siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi. Kutoka Salzburg, Zell ni treni moja, saa moja na nusu hivi. Bad Ischl kutoka Salzburg ni basi namba 150, muda huohuo, kaa upande wa kushoto uone maziwa, kwa treni ni kuzunguka kupitia Attnang-Puchheim. Ukitokea Vienna, Krems ndio karibu, Bad Ischl ni zaidi ya saa tatu. Mkiwa wawili mpaka watano na mnatumia treni za kawaida ndani ya Austria, ulizia Einfach-Raus-Ticket. Wenye gari, msisahau kulipia vinyeti, ile ada ya barabara kuu, kabla ya kuingia, faini yake inaumiza.

Na njia za miguu, tafadhali hapa nisikilizeni. Vibao vya njano vinaandika saa, sio kilomita, na saa zao ni za mtu mwenye mazoezi, ongeza nusu yake. Alama ya buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi usiende na viatu vya mtaani. Mchana milimani radi inakuja haraka, kwahiyo toka mapema, saa 8 mchana uwe umeshashuka. Namba ya uokoaji wa mlimani ni 140. Mkipishana na mtu njiani msalimie, Grüß Gott au Servus, wao juu kule wanasalimiana wote kama kwetu kijijini, ukipita kimya ndio unaonekana wa ajabu.

Kwahiyo ukiniuliza nikuchagulie, nitakuuliza kwanza unakuja na nani. Na mama au shangazi mwenye magoti, na watoto, na mnataka halali bila kutafuta, Zell am See, siku nne, mwezi wa sita au mwanzo wa wa tisa ili usikutane na bei za katikati. Peke yako au na mwenzio, hamna gari, mnapenda maziwa na hamuogopi kulowa, Bad Ischl, siku tano, na Hallstatt muende siku ya kazi na treni ya kwanza. Una wikiendi tu, uko Vienna, au viza imekuja mwezi wa nne wakati milima bado imefungwa, Krems, usiku mbili zinatosha. Mwenye siku kumi achanganye Bad Ischl na Zell, sio Krems na Zell, zile mbili unapita Salzburg tu unabadilisha, chini ya nusu siku, na mizigo unaiacha kwenye makabati ya stesheni pale Salzburg ule mchana mjini.

Yule wa Dar anayesubiri viza, nimemwandikia Bad Ischl, mwisho wa mwezi wa nane, na nimemwambia alete koti la mvua la kweli, lile la kuvaa juu ya begi, maana ya hapa bei yake ni ya kulala usiku mzima na chai juu.